Mashini ya kusaga nyama katika nyumba yetu

Labda nanyi mnaye nyumbani mzee anayewagawia watoto nyama yake. Sisi tulikuwa naye. Ni mama yetu mzee, ambaye watoto wanamwita Nyanya. Siku ya Jumapili, tukiisha kuketi mezani, kila mtu alipewa vipande vyake, na Nyanya alipewa vyake, tena vizuri. Alichovya bugali katika mchuzi, akala pole pole. Nyama aliisogeza pembeni ya sahani. Kisha aliwatazama watoto, akachagua mmoja, akamwambia: «Njoo, mjukuu wangu. Mimi nimeshiba.»

Tulimsifu kwa hayo. Tuliwaambia watoto: «Mwauona moyo wa Nyanya? Jifunzeni nanyi kugawa hivyo.» Mwaka mzima tulisema maneno hayo. Mpaka siku moja mtoto wetu mdogo, ambaye hajajua bado kuficha neno, akasema mbele ya wote: «Nyanya hagawi. Nyanya hana meno.»

Tulinyamaza sote. Nyanya aliinama, akajifanya anatafuta kitu katika kitambaa chake. Kumbe, mwaka mzima tulikuwa tukisifu njaa yake! Nyama ya soko letu hapa Bukavu mara nyingi ni ya ng'ombe aliyezeeka na kutembea sana. Hata mwenye meno yote huifanyia kazi. Na yeye aliyebaki na meno matatu, tena hayaonani, angefanya nini? Aliona haya kusema, nasi hatukuuliza.

Tulianza kutafuta dawa. Kwanza tulichemsha nyama muda mrefu, tangu asubuhi hata adhuhuri. Ililainika kidogo, lakini makaa yaliisha upesi, na bei ya makaa ninyi mwaijua. Kisha tulikata nyama kwa kisu vipande vidogo vidogo juu ya ubao. Kazi ile ilichukua saa nzima, mkono uliuma, na vipande havikuwa sawa: hiki kidogo kama punje ya mchele, hiki kikubwa kama haragwe, na kano ndefu zilibaki kati yao. Nyanya aliongojea saa nzima, kisha akatema kano. Basi tukasema: tununue mashini ya kusaga nyama, ile ya kuzungushwa kwa mkono.

Mashini hii si kitu kipya. Wengi husema aliyeitunga ni Karl Drais, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1785 katika mji wa Karlsruhe, akafa mwaka 1851. Ni yule yule aliyetengeneza, mwaka 1817, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ambacho mtu alikikalia na kukisukuma kwa miguu, na ambacho ni babu wa kinga zetu, yaani baisikeli. Tangu zamani zile mashini ya nyama haikubadilika sana. Ndiyo sababu twaipenda: ina vipande vichache, na kila kipande mtu aweza kukiona kwa macho na kukishika kwa mkono.

Mtu atauliza: kwa nini msinunue ile ya umeme? Jibu letu ni fupi. Umeme wa mtaa wetu leo upo, kesho haupo. Mashini ya umeme yenye nguvu ni ghali, na ikiharibika yataka fundi anayejua mambo yake. Ile ya mkono yataka mkono tu, nayo yaweza kukaa katika nyumba moja mpaka watoto wawe wazee.

<b>Kuchagua</b>

Siku ya soko tulikwenda Kadutu, sisi wawili, mume na mke. Kijana mmoja aliuza vyombo vya jikoni, na mbele yake zilikuwapo mashini nne ao tano. Macho yetu yalikimbilia ile kubwa kuliko zote. Tulidhani kubwa ndiyo bora. Yule kijana akatuuliza: «Nyumbani mko wangapi?» Tukajibu: «Saba.» Akasema: «Basi hii si yenu. Hii ni ya mwenye duka la nyama. Mkono wa mama utachoka kabla nyama haijatoka.»

Alitueleza habari ya namba, nasi twawaelezeni ninyi vile vile, maana yafaa kujua. Mashini nyingi zina namba iliyoandikwa ubavuni: 5, 8, 10, 12, 22 ao 32. Namba hiyo ni ukubwa wa mashini. Sahani ya matundu ya namba 5 ina upana wa karibu milimita 54. Ya namba 8 ina milimita 62. Ya namba 10 na ya namba 12 ni milimita 70. Ya namba 22 ni milimita 82. Ya namba 32 ni karibu milimita 100. Namba ikipanda, nyama nyingi zaidi hupita, lakini na mkono wafanya kazi nzito zaidi. Kwa jamaa ya nyumba moja, namba 8 ao namba 10 yatosha. Namba 5 yafaa wawili ao watatu. Namba 22 na 32 tuwaachie wanaosaga kwa biashara ao kwa karamu.

Tena kuna habari ya chuma. Mashini nyingi za zamani ni za chuma kizito kilichomiminwa katika kalibu na kupakwa bati juu yake ili kisishike kutu. Hizo ni imara, bei yake si mbaya, ila zataka kutunzwa: bati likiisha kutoka, kutu huingia. Nyingine ni za aluminiamu. Hizo ni nyepesi, lakini zile hafifu huacha weusi katika nyama na mikononi, na maji ya magadi huziharibu. Nyingine ni za chuma kisichoshika kutu. Hizo ni nzuri sana, lakini bei yake yamshinda mtu wa kawaida. Nyingine tena ni za plastiki, zenye mguu wa mpira unaonyonya meza. Mguu huo hushika vizuri juu ya meza laini kama kioo. Juu ya meza ya mbao yenye mikwaruzo huachilia, na mashini huanguka pamoja na nyama.

Kabla ya kutoa feza, yafaa kufungua mashini pale pale sokoni na kutazama mambo matano. Moja: bati liwe laini, bila malengelenge wala mahali palipobanduka. Mbili: parafujo kubwa iliyomo ndani izunguke bila kukwaruza kuta. Tatu: weka kisu juu ya sahani ya matundu, inua mbele ya mwanga, utazame kati yao. Ukiona mwanga mwingi unapita, kisu hakilali vizuri juu ya sahani, wala hakitakata. Nne: uliza kama kisu na sahani nyingine za namba ile ile zapatikana sokoni, maana hivyo ndivyo vinavyochakaa kwanza. Tano: tazama taya za mguu unaoshika meza, ujue zafunguka kwa upana gani.

Hilo la tano ndilo lililotushinda. Yule kijana alituuliza: «Meza yenu ina unene gani?» Hatukujua. Nani apima unene wa meza yake? Tulimjibu: «Ni meza kama meza nyingine.» Tukanunua namba 8 ya chuma cha bati, kwa bei iliyokaribia bei ya kilo nne za nyama, tukarudi nyumbani na furaha. Kumbe, ubao wa meza yetu ulizidi taya za mashini kwa upana wa kidole! Ilitubidi kumwomba jirani seremala atupigilie ubao mwembamba, lakini mgumu, ubavuni mwa meza. Basi ninyi mkitaka kununua, pimeni kwanza meza kwa kamba ao kwa kijiti, mchukue kijiti hicho sokoni.

<b>Siku ya aibu</b>

Jumapili ile tulifunga mashini mbele ya watoto wote. Nyanya alikaa karibu, ametandika kitambaa chake kama mtu anayengojea mgeni. Tulitia nyama, tukazungusha. Mashini ililia, mkono ukawa mzito. Katika matundu ilitoka kitu cheupe-cheupe, laini kama uji, pamoja na maji mekundu. Kisha haikutoka tena chochote. Mchuzi wa damu ulirudi nyuma, ukamwagika penye mkono wa kuzungushia. Tuliongeza nguvu, na meza ilihama mahali pake. Nyanya alikunja kitambaa chake, akasema: «Achani, wanangu. Mimi nitakula mchuzi.»

Neno lile lilituchoma. Na mtu aliyechomwa hutafuta wa kumrudishia. Siku ya soko iliyofuata tulibeba mashini, tukamwendea yule kijana, tukamwambia mbele ya watu: «Umetuuzia chuma cha kutupwa.» Alituuliza kwa upole: «Mliifunga namna gani?» Tukamjibu: «Usitufundishe kufunga!» Akataka kuifungua mashini, tulimnyang'anya mikononi. Tukatamka na neno moja baya ambalo haliandikwi hapa bila haya: tulimwita mwizi. Watu waliokuwa wakitaka kununua kwake walisikia, wakaenda zao.

Jioni ile alikuja kutusalimu jirani yetu mzee, ambaye alikuwa mpishi wa watoto wa shule ya kulala kwa miaka mingi. Aliiona mashini imetupwa pembeni. Hakusema neno. Alifungua pete ya mbele, akatoa sahani, akatoa kisu, akakitazama, akacheka. «Wanangu,» akasema, «kisu chenu kinawatazama ninyi. Sharti kitazame sahani.»

Akatuonyesha. Kisu cha mashini kina mabawa manne. Upande mmoja kimeinuka kidogo kama mgongo. Upande wa pili ni bapa, na huko ndiko kwenye makali. Upande wa bapa ndio wa kugusa sahani. Sisi tuliweka mgongo mbele, makali nyuma. Basi mashini haikukata kitu, iliponda tu.

Mzee alitueleza hivi, nasi hatukusahau: «Kisu na sahani ni kama visu viwili vya mkasi. Kimoja peke yake hakikati. Parafujo yasukuma nyama ipate kuingia katika matundu. Kisu chazunguka pamoja na parafujo, chapita juu ya matundu, chakata kila kilichoingia. Sahani yenyewe haizunguki: tazameni pengo hili dogo ubavuni mwake, laingia katika kijino kilichomo ndani ya mashini, lashikwa hapo. Pete ya mbele yabana vyote viwili pamoja. Ikilegea, kati ya kisu na sahani pana nafasi, na nyama yasuguliwa badala ya kukatwa. Ikikazwa kupita kiasi, chuma chakula chuma. Kazeni kwa mkono tu, mpaka muone mkono wa kuzungushia unaanza kuwa mzito kidogo. Basi.»

Akageuza kisu, akafunga, akatia nyama iliyobaki. Ilitoka nyuzi nyekundu, kavu, zilizo sawa, kama nywele zilizosukwa. Hatukuwa na neno la kusema. Yule kijana alituchagulia mashini ya kutufaa, akakataa kutuuzia ile kubwa ingawa ingalimpa faida zaidi, akatuuliza habari ya meza, akatuuliza namna tulivyofunga. Mambo yote aliyotuuliza ndiyo yaliyotupasa kujiuliza sisi wenyewe.

Tulirudi sokoni. Si vigumu kumwomba mtu radhi pembeni, mahali pasipo watu. Lakini sisi tulimtukana mbele ya watu, basi ilitupasa kusema mbele ya watu. Tulisema kwa sauti, majirani zake wasikie: «Mashini ni nzima. Sisi tuligeuza kisu. Tulikusingizia.» Kijana alituangalia, akasema: «Wengi huja kukasirika. Kurudi, hawarudi.» Akatupa kimti kidogo cha kusukumia nyama, hakutaka feza yake.

<b>Kutumia</b>

Tangu siku ile tumejifunza mengi, mengine kwa yule mzee, mengine kwa kukosa. Haya ndiyo yanayofaa.

Mashini mpya ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, maana hutoka kiwandani na mafuta yasiyo ya kula. Kisha pitisheni vipande vichache vya mafuta ya nyama, mvitupe. Hivyo uchafu wa ndani hutoka.

Nyama iwe baridi. Nyama yenye joto hulegea, mafuta yake huyeyuka, yaziba matundu. Hapa Bukavu, penye urefu wa karibu mita 1.500 juu ya bahari, asubuhi ni baridi. Basi sisi twasaga asubuhi, mara tukitoka sokoni. Wasio na friji, yaani wengi wetu, waweza kuweka vipande vya mashini katika maji ya baridi kidogo, wavikaushe vizuri, ndipo wafunge.

Ondoeni mifupa yote, hata midogo. Mfupa huvunja makali. Ondoeni ngozi na kano nyeupe, kwa maana kano hujizungusha katika kisu kama uzi katika gurudumu la kinga. Kateni nyama vipande virefu, vyembamba kama kidole, vinavyoingia bila kushindiliwa. Zungusheni kwa mwendo wa mtu anayetembea, si wa mtu anayekimbia. Nyama ikianza kutoka nyeupe na laini, msiongeze nguvu. Simameni, fungueni, toeni kano iliyoziba, fungeni tena. Wala msizungushe mashini ikiwa tupu, kwa sababu kisu na sahani husagana.

Namba 8 yetu husaga kilo moja kwa karibu dakika kumi, pamoja na kupumzika. Kwa Nyanya twasaga mara mbili: kwanza kwa sahani ya matundu makubwa, kisha kwa ile ya matundu madogo. Mwishoni twatia kipande cha mkate mkavu. Husukuma nyama iliyobaki ndani, na mkate wenyewe waingia katika vitonge, hakuna kinachopotea.

Sasa neno kubwa kuliko yote, nalo ni vidole. Siku moja tulimwachia mtoto wetu mkubwa azungushe, na dada yake atie nyama. Tulidhani twawafundisha kusaidiana. Mara yule wa kutia aliona kipande kimekwama, akashusha kidole. Yule wa kuzungusha alikuwa akitazama dirishani. Tulipiga kelele, mkono ukasimama. Kidole kilitoka kizima, ila ukucha uliguswa na parafujo. Usiku ule hatukulala vizuri. Tangu hapo nyumba yetu ina sheria moja: <i>mkono unaozungusha ndio unaotia nyama</i>. Mtu mmoja, si wawili. Mwenye kuzungusha hawezi kujisaga mwenyewe bila kujua, mwenzake aweza. Na nyama husukumwa kwa kimti, hata siku moja si kwa kidole wala kwa kijiko cha chuma. Kazi ikiisha, mashini hufunguliwa mara moja, isibaki mezani watoto wachezee.

<b>Kuosha na kupika</b>

Mashini hufa kwa maji kuliko kwa kazi. Fungueni vipande vyote. Osheni kwa maji ya moto na sabuni. Katika matundu ya sahani piteni na kijiti ao brashi. Msiache chuma katika karai usiku kucha. Kausheni kwa kitambaa, kisha wekeni juani ao karibu na mbabula mpaka unyevu wote uishe. Pakeni mafuta ya kula, kidogo tu. Kisu na sahani yake zikae pamoja katika kikopo kimoja, maana zimezoeana. Kisu cha sahani hii kikilazwa juu ya sahani nyingine, huenda kisikate vizuri. Makali yakipungua, lazeni upande wa bapa juu ya jiwe la kunolea lililo sawa kabisa, msugue kwa mviringo. Msinoe ukingo mmoja mmoja kama kisu cha jikoni.

Tena nyama iliyosagwa haivumilii kama kipande kizima. Katika kipande kizima uchafu na vijidudu viko zaidi nje, na moto huvikuta huko. Ukiisha kusaga, kilichokuwa nje kimeingia ndani. Basi nyama iliyosagwa ipikwe siku ile ile, na moto ufike katikati. Wenye elimu ya vyakula wasema ipate joto la digrii 71 hata ndani. Sisi tusio na kipimo twapasua kitonge kimoja: kikiwa bado na wekundu ndani, ao kikitoa maji mekundu, twakirudisha motoni. Na nyama ya nguruwe tuwe waangalifu zaidi, kwa sababu ya minyoo ya tegu.

Watu watuuliza kama mashini hii yasaga na vitu vingine. Samaki aliyetolewa mifupa, ndiyo. Sombe pia, nasi twaisaga wakati mchi umetuchosha, lakini tusidanganyane. Majani ya muhogo yana sumu, na ni kule kuyaponda vizuri na kuyachemsha sana kunakoiondoa. Mashini hukata, haipondi kama kinu. Basi twasaga mara mbili kwa matundu madogo, kisha twachemsha muda mrefu, sufuria bila kifuniko. Mahindi makavu, hapana: yavunja kisu. Karanga huziba matundu. Hizo zina mashini yake nyingine. Chombo hupewa kazi yake, si kazi ya jirani yake.

<b>Jumapili moja</b>

Jumapili ya kwanza baada ya kugeuza kisu tulipika vitonge vya nyama na kitunguu, mkate, pilipili kidogo, katika mchuzi wa tomati. Tulimpa Nyanya vitatu. Watoto, kwa desturi yao, walimzunguka wakingojea. Nyanya alikata kipande kwa vidole, akakitia kinywani, akakaa kimya. Kisha akala kingine. Hakumwita mtu.

Leo kazi ya kukausha mashini na kuipaka mafuta ni yake. Hakumwachia mtu. Kila kipande hukifuta mara mbili, kisha hufunga kikopo katika kile kitambaa chake cha zamani na kukiweka juu, mahali ambapo watoto hawafiki. Mkono wa kuzungushia hauwezi, lakini kisu akitazama yeye: kabla hatujafunga pete, sharti tumwonyeshe upande gani umeelekea sahani.

Na siku ile, sahani yake ilipokuwa tupu, yule mtoto mdogo aliyesema neno la meno alimsogelea, akamwuliza: «Nyanya, umeshiba?»

Nyanya akamjibu: «Bado.»